Taa ya erbagi inabaki kuwaka: namna ya kujua shida iko wapi ndani ya gari ya zamani

Bukavu, Goma, Butembo, Bunia ao Uvira, gari mingi zenye tunaona kila siku barabarani zilitengenezwa Japani kati ya mwaka 1995 na 2005: Carina, Corolla, RAV4, Ipsum, Noah, Vitz. Zilifika kwetu kupitia bandari ya Mombasa ao ya Dar es Salaam, volani ikiwa kuume. Ndani ya nyingi kati ya hizo, kuna taa moja ndogo ku tablo yenye inabaki kuwaka miaka na miaka. Inaonyesha picha ya mutu ameketi na duara mbele ya kifua, ao inaandika tu herufi tatu: SRS. Shoferi anaizoea. Fundi anamwambia: "Hiyo haina neno, gari inatembea."

Ni kweli gari inatembea. Ile taa haihusu motere wala freni. Inahusu siku moja tu, ile siku gari itagonga. Inamwambia mwenye gari kama siku hiyo mufuko wa hewa, ule wenye mafundi wanaita erbagi, pengine hautafunguka. Katika habari hii tunaeleza maana ya ile taa, vitu vyenye kuiwasha mara kwa mara, namna fundi anaweza kutafuta shida bila kujiumiza, na ujanja wenye kufanywa ili kuizimisha wakati shida iko palepale.

Erbagi inafanya kazi gani?

Erbagi ni mufuko wa kitambaa chenye nguvu, umekunjwa ndani ya volani mbele ya shoferi, na ndani ya tablo mbele ya abiria wa mbele. Gari zingine ziko nao pia ndani ya kiti, upande wa mulango. Nyuma ya mufuko kuna chupa ndogo ya chuma, na ndani yake kuna dawa yenye kuwaka haraka na kutoa gesi. Boksi ya elektroniki, yenye mafundi wanaita kalkilateri, inafungwa katikati ya gari, mara nyingi chini ya tablo ao karibu na levye ya vitesi. Inapima nguvu ya kugonga. Ikiona gari imegonga kwa nguvu, inatuma umeme kidogo ku ile chupa, dawa inawaka, na mufuko unajaa kwa milisekunde 30 hivi. Ni haraka kuliko mutu kufunga na kufungua jicho.

Herufi SRS zinatoka ku maneno ya Kiingereza yenye kuonyesha kama hiki ni chombo cha kuongezea, siyo cha kwanza. Cha kwanza ni mukanda. Mutu mwenye hakufunga mukanda anatupwa mbele wakati freni zinashikwa, na mufuko unamukuta akiwa karibu sana. Hapo unamupiga kwa nguvu, wakati kazi yake ilikuwa kumupokea. Juu ya hiyo, wataalamu wanashauri shoferi aache sentimita 25 hivi kati ya kifua chake na katikati ya volani.

Ndani ya gari mingi, mukanda pia uko na chupa yake ndogo yenye kuuvuta haraka wakati wa ajali. Nayo inafuatwa na kalkilateri ileile, na ikiharibika inawasha taa ileile. Kwa hiyo taa ya erbagi haisemi tu juu ya volani. Shida inaweza kuwa ku mukanda ao chini ya kiti.

Sekunde sita za kwanza

Kipimo cha kwanza hakiombi chombo chochote. Keti ndani ya gari, geuza ufunguo mpaka ku kontakti, lakini usiwashe motere. Angalia ile taa na uhesabu polepole.

Katika Toyota mingi za miaka hiyo, taa inapaswa kuwaka, kubaki sekunde 6 hivi, kiisha kuzimika yenyewe. Wakati huo kalkilateri inapima waya zote. Ikizimika yenyewe, kalkilateri haikuona shida. Kuna namna ine zingine zenye unaweza kukuta:

1. Taa inawaka na haizimike. Kalkilateri imeona shida sasa hivi.

2. Taa inazimika, lakini inawaka tena njiani, zaidi sana ku barabara mbovu. Mara nyingi ni fishi yenye kulegea ao waya yenye kukatika ndani.

3. Taa haiwake hata kidogo. Hii ni mbaya kuliko kuwaka. Ampuli imeungua, ao mutu aliitoa kwa kusudi, ao kalkilateri haipate umeme.

4. Taa inawaka ku kontakti, haizimike kisha sekunde 6, lakini inazimika palepale motere inapowaka, wakati mumoja na taa ya batri ao ya mafuta. Hapo mutu aliunganisha waya yake na ya taa nyingine ili kudanganya munuuzi. Tutarudilia jambo hilo.

Je, erbagi inafanya kazi wakati taa inawaka? Mutu hawezi kuitegemea. Katika gari mingi, kalkilateri ikiona shida inazuia kipande fulani ao mufumo wote. Je, inaweza kulipuka yenyewe juu taa imewaka? Taa yenyewe siyo alama ya hiyo. Hatari kubwa ya kulipuka bila ajali inakuja wakati mutu anachezea waya bila kujua.

Vitu vyenye kuwasha taa mara kwa mara

Mbele ya kufungua volani ao kununua kalkilateri nyingine, ni vizuri kuanza na vitu vyepesi. Mara nyingi shida ni ya bei ndogo.

Batri yenye nguvu kidogo. Umeme ukishuka, kalkilateri inawasha taa hata kama erbagi ni nzima. Inatokea kwa gari yenye ililala siku mingi, yenye inasukumwa kila asubuhi, ao yenye altenatere imechoka. Batri nzima, gari ikiwa imepumuzika, inapima volti 12.6 hivi. Motere ikitembea, inapaswa kupima kati ya 13.5 na 14.5. Safisha pia kosi za batri, ondoa ule unga mweupe ao wa kijani. Katika Toyota mingi, umeme ukirudi sawa taa inazimika yenyewe kisha sekunde chache.

Fishi ya manjano chini ya kiti. Waya za erbagi zinajulikana haraka: fishi zake, na mara nyingi mufuko wa waya zenyewe, ni rangi ya manjano. Chini ya viti vya mbele kunapita waya za mukanda na za mufuko wa upande. Na chini ya kiti, kwetu hapa, ndipo tunasukuma kila kitu: bidoni, jeki, mufuko wa unga, sandali. Mutoto anapiga mateke kwa nyuma. Ku lavaji, vijana wanapitisha maji mingi ndani, na maji yanakaa chini ya tapi siku mbili tatu. Panya nao wanapenda kukata waya pale. Fishi ikiingia maji ao kuvutwa kidogo, taa inawaka. Ni mahali pa kwanza pa kuangalia kwa macho.

Kontakteri yenye kuzunguka chini ya volani. Volani inazunguka, lakini waya ya erbagi haiwezi kuzunguka nayo bila kukatika. Kwa hiyo kuna boksi ya plastiki ya duara yenye utepe mwembamba wa waya ndani, wenye kujikunja na kujikunjua kama springi ya saa. Kisha miaka 20 ya kona za milima yetu, ule utepe unachoka na kukatika. Alama yake ni hii: taa ya erbagi inawaka, na klakisoni haiitike tena ao inaitika mara moja moja wakati volani imepinda, juu waya ya klakisoni inapita palepale. Ukiona vyote viwili pamoja, anza kutafuta hapo.

Kazi ya direksio yenye ilifanywa vibaya. Fundi akitoa volani ao kremayere bila kushika volani katikati, ile kontakteri inabaki imepotea katikati yake. Siku ya kwanza hakuna shida. Siku ya kupinda volani mpaka mwisho, utepe unakatika. Kwa Toyota mingi, kontakteri inarudishwa katikati kwa kuizungusha polepole kwa mukono upande wa kushoto mpaka ikaze, kiisha kuirudisha kuume karibu mizunguko miwili na nusu, mpaka alama nyekundu zikutane.

Sudire ya umeme. Gari zetu zinapigwa sudire mara mingi: shasi, milango, pale amortisere inashikwa. Kupiga sudire bila kutoa kosi ya batri kunaweza kuharibu kalkilateri ya erbagi na zingine pia.

Ajali ya zamani. Gari iligonga Japani ao njiani, ikarekebishwa, ikapakwa rangi, ikauzwa. Sensa za mbele, zenye gari zingine ziko nazo karibu na radiatere, zilivunjika na hazikubadilishwa, ao mufuko ulifunguka na hakuna aliyeweka mwingine. Taa ilikuwa inawaka tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeuliza.

Kusoma kodi bila mashine ya bei kubwa

Watu wengi wananunua kale kamashine kadogo ka skani kenye kuunganishwa na telefone. Vingi vya aina hiyo vinasoma motere tu. Havifike ku kalkilateri ya erbagi, ao vinaonyesha kama hakuna shida yoyote wakati taa inawaka mbele ya macho yako. Kabla ya kulipa fundi kwa skani, mwulize swali moja: "Mashine yako inasoma SRS ya hii gari?"

Toyota nyingi za miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 ziko na njia nyingine: taa yenyewe inaweza kusema. Chini ya tablo, upande wa shoferi, kuna prizi ya matundu 16. Tundu la 13 linaitwa Tc, tundu la 4 ni masi na linaitwa CG. Gari zingine za zamani zaidi ziko na boksi ndogo ndani ya kapo, imeandikwa majina ya matundu ku kifuniko. Hapo ni Tc na E1. Fundi anageuza ufunguo ku kontakti, anangojea sekunde 20 hivi, kiisha anaunganisha yale matundu mawili kwa waya ndogo. Taa inaanza kupiga. Kukosa tundu kunaweza kuunguza kitu, kwa hiyo ile kazi ifanywe na mutu mwenye kusoma vizuri majina ya matundu. Usikisie.

Taa ikipiga haraka haraka bila kusimama, kwa mapigo yenye kulingana, hakuna kodi. Kama hakuna kodi lakini taa haizimike kwa kawaida, rudi ku batri: umeme ni kidogo. Kama kuna kodi, taa inapiga namba mbili. Kwa mufano, kodi 14: inapiga mara moja, inasimama sekunde moja na nusu, inapiga mara ine. Kama kuna kodi zaidi ya moja, inazitaja moja kisha nyingine, kiisha inaanza tena. Andika ku karatasi, usitegemee kichwa.

Katika Toyota mingi za miaka hiyo, kodi zenye kuonekana sana ni hizi (hakikisha na kitabu cha gari yako):

11 na 12: waya ya erbagi inagusa masi (11) ao inagusa plus (12).

13 na 14: mufuko wa shoferi. 13, waya mbili zinagusana. 14, njia imekatika. Kontakteri ya volani yenye utepe umekatika inatoa mara nyingi 14.

53 na 54: mufuko wa abiria. 53 zinagusana, 54 njia imekatika.

63, 64, 73 na 74: mikanda yenye chupa ya kuvuta, upande mumoja na mwingine.

31: kalkilateri yenyewe.

Katika gari zenye kusomwa na mashine, kodi zilezile zinaitwa kwa herufi: B0100 ni sawa na 13, B0101 na 14, B0105 na 53, B0106 na 54, B1100 na 31.

Kuna jambo moja lenye linapotosha mafundi. Ndani ya fishi za manjano kuna kibati kidogo chenye kuunganisha waya mbili za mufuko wakati fishi imetolewa, ili umeme wa bahati mbaya usiufungue. Fishi ikiingizwa nusu, bila kusikia ile "tak" ya kufunga, kile kibati kinabaki kinagusa, na kalkilateri inasema 13 ao 53. Fundi anafikiri mufuko umeharibika, anaomba dola za kununua mwingine. Kumbe ilihitaji tu kusukuma fishi vizuri.

Na kodi haionyeshe kipande cha kubadilisha. Inaonyesha barabara yenye shida iko. Kodi 14 inaweza kuwa mufuko, kontakteri, fishi ao waya yenye ilikatwa. Mwenye kununua mufuko kwa sababu ya kodi peke yake, anacheza bahati nasibu.

Sheria za usalama kwa fundi

Haya hayana majadiliano, hata kama fundi iko na miaka 30 ya kazi.

Mbele ya kugusa fishi yoyote ya manjano, zima kontakti, toa kosi ya minus ya batri, ungojee sekunde 90 ao zaidi. Kalkilateri inalinda umeme kidogo ndani yake ili ifanye kazi hata batri ikikatika wakati wa ajali. Ule umeme unatosha kufungua mufuko.

Usipime kamwe mufuko wenyewe na multimetri, na usitumie taa ya kupimia yenye ampuli. Umeme mudogo wa chombo unaweza kuwasha ile dawa. Fundi mwenye kujua anatoa mufuko, anaweka mahali pake rezistansi ya ohmu 2 hivi, anarudisha batri, kiisha anasoma kodi tena. Kodi ikiondoka, shida iko ku mufuko. Ikibaki, shida iko ku waya ao kontakteri.

Ukibeba mufuko, upande wa kitambaa uangalie mbali na mwili wako. Ukiuweka ku meza, kitambaa kiangalie juu. Ukiangalia chini na ukafunguka, unaruka juu kama jiwe.

Usikate wala usiunganishe waya ya manjano kwa kuifunga na skoch. Badilisha kipande chote ao rekebisha fishi vizuri.

Usitupe mufuko ndani ya moto, usiuachie watoto, usiupe wale wanaokusanya chuma na aluminiamu bila kuwaambia. Volani ya zamani yenye mufuko haujafunguka, ikiingia ndani ya tanuru ya kuyeyusha sufuria, ni kama bomu.

Kisha kazi, mutu asikae mbele ya mufuko wakati kontakti inageuzwa mara ya kwanza. Na fundi afute kodi: katika gari mingi, kutoa batri tu hakufute kodi ya erbagi.

Ujanja wa kufunika taa

Hapa ndipo wanunuzi wanadanganywa zaidi. Kurekebisha kunaomba wakati na pesa; kuficha kunaomba dakika 20. Njia zenye zinajulikana ni tatu.

Ya kwanza ni kutoa ampuli ao kuipaka rangi nyeusi. Unaiona kwa kipimo cha kontakti: taa haiwake hata mara moja.

Ya pili ni kuunganisha taa ya erbagi na ile ya batri ao ya mafuta. Unaiona kwa kungojea: geuza kontakti bila kuwasha motere, hesabu mpaka 15. Taa ya kweli inazimika yenyewe. Ya uongo inangojea motere.

Ya tatu ni mbaya kuliko zote: kuacha rezistansi mahali pa mufuko. Ile rezistansi yenye fundi mwema anatumia kwa kupima, mwingine anaiacha ndani kabisa. Kalkilateri inafikiri mufuko uko, taa inafanya kazi sawa, sekunde 6 zinapita, kila kitu kinaonekana kizuri. Kumbe ndani ya volani ni wazi, ao kuna vitambaa. Kipimo cha kontakti hakiwezi kuiona. Angalia kifuniko cha volani na cha tablo: kimebandikwa na gundi? Rangi ni tofauti na ya plastiki zingine? Herufi SRS zimefutika ao zimepotea? Mikanda imekazana na hairudi? Hizo ni alama za mufuko wenye ulikwisha kufunguka siku moja.

Muangalie pia gari zenye volani ilihamishwa kutoka kuume kwenda kushoto, kazi yenye karakana za Dubai zinajulikana nayo. Wakati wa kuhamisha, tablo inakatwa ao kubadilishwa, na mara nyingi mifuko ya hewa haikurudishwa. Gari ya namna hiyo inaweza kuwa nzuri kwa kazi, lakini uinunue ukijua kama ulinzi wako ni mukanda tu.

Kwa mafundi wetu, tunasema hivi kwa heshima: kama mwenye gari hana pesa ya kurekebisha, mwachie taa inawaka. Ile taa inamwambia ukweli, na siku atauza gari itamwambia ukweli ndugu mwingine mwenye atanunua.

Takata: shida yenye haiwashi taa

Kuna hatari moja yenye haihusu taa hata kidogo. Kampuni ya Japani yenye jina Takata ilitengeneza chupa za erbagi kwa Toyota, Honda, Nissan, Mazda, BMW na wengine wengi. Dawa yenye ilitumiwa ndani ni nitrati ya amonyumu. Katika chupa zenye hazikuwekwa kitu cha kukausha unyevu, ile dawa inaharibika polepole kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Siku ya ajali inawaka kwa nguvu ya kupita kiasi, chupa ya chuma inapasuka, na vipande vinaruka usoni na shingoni kama risasi. Watu walikufa katika ajali ndogo zenye hazikupaswa kuua mutu.

Marekani peke yake watu zaidi ya 25 walikufa kwa sababu hiyo, na chupa karibu milioni 67 ziliitwa zirudi. Ulimwenguni mwote hesabu inakaribia milioni 100. Takata iliomba ulinzi wa kufilisika mwezi wa sita 2017. Kati ya Toyota zenye ziliguswa kuna Corolla na Yaris, ambayo ikitoka Japani inaitwa Vitz.

Chupa yenye kuharibika hivyo haikate waya. Kalkilateri inaiona kuwa nzima, taa inazimika kisha sekunde 6. Kwa hiyo taa yenye kuzimika ni habari njema kwa upande wa waya, haiko cheti cha chupa.

Namna ya kujua ni kutafuta kwa namba ya shasi. Gari yenye ilitengenezwa kwa soko la Japani haina namba ya herufi 17. Iko na namba fupi yenye kistari katikati, kwa mufano yenye kuanza na SCP10 kwa Vitz fulani. Iko ku kibati ndani ya kapo. Tovuti ya Toyota ya Japani iko na ukurasa wa kutafutia kwa namba hiyo. Umeandikwa Kijapani, lakini telefone nyingi leo zinatafsiri. Usiuze wala usinunue erbagi ya okazio kutoka gari ya miaka hiyo bila kuangalia jambo hili. Hakuna fundi anayeweza kufungua chupa na kubadilisha dawa.

Na sasa, tufanye nini kila siku?

Gari mingi za hapa hazitapata erbagi mupya. Tujue ukweli huo, na tufanye yenye kuwezekana.

Mukanda kwanza, gari ikiwa na erbagi ao bila. Kama mukanda umekatika ao haurudi, rekebisha huo mbele ya kufikiria mufuko.

Mutoto akae nyuma. Mutoto mwenye kupakatwa ku kiti cha mbele iko kati ya mama yake na mufuko. Mufuko ukifunguka, yeye ndiye anapigwa wa kwanza. Na kiti cha mutoto muchanga chenye kuangalia nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya erbagi yenye kufanya kazi.

Ku taksi, kuweka abiria wawili ku kiti kimoja cha mbele kunafanya mumoja abaki bila mukanda, na wote wawili karibu na tablo. Ile franka ya kuongezea ni kidogo kuliko bei ya hospitali.

Usiweke kitu juu ya tablo mbele ya abiria: chupa, sanamu, telefone, saa. Mufuko ukitoka, unakitupa usoni. Na kiti chenye kuandikwa erbagi upande wa mulango kisifunikwe na huse yenye kukaza.

Ku lavaji, sema kwa sauti: "Maji yasiingie chini ya viti."

Maswali yenye yanarudia mara mingi

Taa iliwaka kisha kuendesha ku barabara yenye mashimo, asubuhi ikazimika. Nisahau? Hapana. Kalkilateri ilihifadhi kodi. Angalia fishi chini ya viti na klakisoni, na usome kodi kabla waya haijakatika kabisa.

Mufuko ulifunguka. Unaweza kukunjwa na kurudishwa? Hapana. Dawa imeisha, kitambaa kimeungua. Kubadilisha kunahusu mufuko, mara nyingi kalkilateri, na mikanda yenye ilivutwa.

Gari yangu iko na zaidi ya miaka 20 na taa inazimika vizuri. Mufuko ungali muzima? Taa inasema waya ni nzima. Miaka ya 1990, watengenezaji fulani waliandika ku gari zao kwamba mufuko uangaliwe kisha miaka 10. Uzee wa dawa hakuna taa yenye kuupima.

Kwa mwenye anaenda kununua gari wiki hii, ashike hatua tano. Geuza kontakti na hesabu mpaka 15 bila kuwasha motere. Piga klakisoni volani ikiwa imepinda kushoto, katikati na kuume. Vuta kila mukanda kwa nguvu. Angalia vifuniko vya volani na tablo. Andika namba ya shasi na uitafute. Ni dakika kumi hivi, mbele ya kutoa dola ku mufuko.